Nimepitia au Nimepitiwa?

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa ndiyo kwanza naanza kazi ya kutafsiri, mteja mmoja alinitumia mkataba wa kurasa 31. Hakutaka niutafsiri, kwa kuwa mtu mwingine alishaifanya kazi hiyo. Alitaka niipitie tu tafsiri ile, nione kama kuna mahali pameharibika. Nilikaa nayo siku mbili, sentensi kwa sentensi, nikirudi kwenye matini ya asili kila nilipoingiwa na shaka. Nilipomaliza nikamwandikia barua pepe kwa Kiingereza changu kilichopigwa pasi: "I have carefully overlooked all 31 pages."

Jibu lilikuja baada ya dakika chache: "Then who has read them?"

Nililisoma mara tatu bila kuona kosa liko wapi. Nilikuwa nimechukua "look", nikachukua "over", nikavikutanisha. Kamusi ilisema "look over" ni kupitia, kukagua. Basi "overlook" si ndiyo hiyohiyo, imeunganishwa tu ikapendeza? Kumbe wapi. Ukifanya "look over" umekipitia kitu kwa macho. Ukifanya "overlook" hukukiona kabisa, au umekiona ukakifumbia macho. Nilikuwa nimemhakikishia mteja wangu, tena kwa kielezi cha "carefully", kwamba kurasa zake zote nimezipuuza kwa uangalifu mkubwa.

Kilichonichekesha baadaye, aibu ilipopoa, ni kwamba Kiswahili kina mtego uleule, nami sikuwahi kuuona kwa sababu nimezaliwa ndani yake. Nimeupitia mkataba: nimeusoma. Nimepitiwa: nimesahau, jambo limenitoka. Mzizi ni mmoja, pita, na mabadiliko ni ya sauti moja tu karibu na mkia. Mgeni anayejifunza Kiswahili akiniandikia "kurasa zako zote nimepitiwa", nami ningemuuliza: sasa nani kazisoma?

Tangu siku ile nimekuwa na ugonjwa wa kutazama vijineno. Maneno makubwa ya Kiingereza hayanisumbui tena, nayakuta kwenye kamusi yametulia. Wanaonisumbua ni wale wadogo, "up", "over", "off", "in", "out", "on", wanaojibandika kwenye kitenzi leo kama vielezi na kesho kama vihusishi, na kila wakihama kidogo wanaondoka na maana yote. Na nimekuja kuamini kwamba sisi tuliolelewa na Kiswahili tunajikwaa hapa kwa sababu moja kubwa: tunaitafuta maana ndani ya kitenzi, maana kwetu ndiko inakokaa.

Chukua sentensi ya kawaida kabisa ya hadithi: "She limped out of the room." Kwa Kiswahili ningeandika: Alitoka chumbani akichechemea. Tazama kilichotokea. Kitenzi cha Kiingereza, "limped", kimebeba namna ya kutembea, na safari yenyewe, yaani kule kutoka, imeachiwa "out of". Kwetu mambo yamepinduka. Safari ndiyo kitenzi kikuu, na kuchechemea kumeshushwa cheo kukawa kifuasi chenye -ki-. Mwanaisimu Mmarekani Leonard Talmy ndiye aliyelipanga jambo hili vizuri, katika maandishi yake ya mwaka 1985 na mengine yaliyofuata. Alionyesha kwamba ziko lugha zinazoiweka njia ndani ya kitenzi, Kihispania kwa mfano, na ziko zinazoitoa nje na kuikabidhi kwa vijineno vinavyokizunguka kitenzi kama setilaiti, Kiingereza kikiwemo. Hilo neno setilaiti ni lake mwenyewe. Kwa jicho langu la mtafsiri, Kiswahili kimeketi upande wa Kihispania: ingia, toka, panda, shuka, vuka, pita, rudi, zunguka. Kila kimoja kinajua kinakokwenda bila kuelekezwa. Ndiyo maana walimu walitukata alama tulipoandika "panda juu" na "shuka chini". Juu imo tayari ndani ya panda.

Kuna jambo jingine linaloendana na hilo, na sijui kwa nini halisemwi darasani. Ni kile kiambishi chetu cha -ni. Niko chumbani, naingia chumbani, natoka chumbani, napita chumbani. Kiingereza kingedai "in", kisha "into", kisha "out of", kisha "through", kila mara kihusishi kipya. Sisi tunalibakiza neno chumbani vilevile, na -ni yenyewe haijui kama mtu anakuja au anakwenda. Anayejua ni kitenzi. Kwa hiyo Mswahili anapokutana na "in", "into", "at", "to" na "from" kwenye kitabu cha kwanza cha Kiingereza, tatizo lake halimo katika kukariri maneno matano mapya. Amepewa kazi ambayo lugha yake haijawahi kumtuma.

Tunachotumwa sisi ni kunyambua. Hama ni kuondoka mahali, hamia ni kwenda kukaa mahali. Mtu anayemkimbia simba na mtu anayemkimbilia simba wametofautiana kwa kitu kidogo sana, na mmoja wao hatarudi kusimulia. Kiingereza kingesema "run from" na "run to". Hiyo ndiyo kauli ya kutendea, na ukiitazama kwa makini ni kihusishi kilichomezwa na kitenzi. Kinyume chake ni kauli ya kutendua, iliyomeza "off" na "un-" za Kiingereza: funga ikawa fungua, kunja ikawa kunjua, vaa ikawa vua. Mwingereza anavua shati kwa maneno mawili, "take off". Sisi tunalivua kwa silabi mbili.

Kuna ugomvi wa zamani wa wenye Kiingereza ambao hunifurahisha kwa sababu hii. Wameshindana kwa karne kama ni halali kumalizia sentensi kwa kihusishi, kama katika "the knife I cut the rope with". Mshairi John Dryden, mwaka 1672, alimlaumu mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa tabia hiyo, ingawa Jonson alikuwa kaburini miaka 35 na hakuweza kujitetea. Dryden akarudi hata kwenye maandishi yake mwenyewe ya zamani na kuyasafisha. Lawama ile ikageuka sheria ya shule, na watu wakaendelea kuivunja kila walipofungua kinywa. Kwa Kiswahili ugomvi huo usingeanza: kisu nilichokatia kamba. "With" iko wapi? Imo ndani ya katia, imelala, haisumbui mtu. Ingawa, nikiwa mkweli, tukisema "mtu niliyezungumza naye" tunayo na- yetu imebaki mkiani vilevile, tumeivisha kofia ya -ye tu ili isiwe uchi.

Sasa nirudi kwenye kijineno kinachonitesa zaidi, maana hapo ndipo penye utamu. Soma sentensi hizi mbili: "She ran up a hill." "She ran up a bill." Kwa macho ni mapacha, herufi moja tu ndiyo imebadilika. Lakini ya kwanza ni mwanamke aliyepanda kilima mbio, na ya pili ni mwanamke aliyelimbikiza deni bila kusogea kitini. "Up" ya kwanza ni kihusishi. Imeshikana mkono na "a hill", wameunda kirai kihusishi kimoja, na kirai hicho kinaweza kuhama kizima kikatangulia mbele: "Up the hill she ran." "Up" ya pili ni kielezi, ni mali ya kitenzi, haina undugu wowote na lile deni. Jaribu kusema "Up the bill she ran" uone watu watakavyokutazama.

Kipimo bora kuliko vyote ni kuweka kiwakilishi. Kilima: "she ran up it". Deni: "she ran it up". Yaani "it" inakaa baada ya kihusishi, lakini ikikutana na kielezi inajipenyeza katikati, baina yake na kitenzi. Ndiyo maana ni "look it up" na kamwe si "look up it", wakati "look after him" haiwezi kuwa "look him after". Nilikariri hayo miaka mingi kama mtu anayekariri namba za simu, hadi siku moja nilipoiandika "I picked it up" juu na "nilikiokota" chini yake. Ni-li-ki-okota. Tazama -ki- ilipo! Imejipenyeza katikati vilevile, baina ya wakati na mzizi. Kiwakilishi ni chepesi, kinarejelea kitu ambacho msikilizaji anakijua tayari, na lugha zote mbili zinakivuta kikae karibu na kitenzi badala ya kukiacha mwishoni, mahali ambapo Kiingereza hupenda kuweka habari mpya.

Mtendwa akiwa mzito mambo hugeuka. "I picked the book up" ni sawa, na "I picked up the book" ni sawa pia. Lakini ukisema "I picked the book that my brother had left on the bus two weeks before up", ile "up" inafika mwishoni imechoka kama abiria wa mwisho wa safari, na msomaji ameshasahau ilikuwa inamsubiri nani. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Ni suala la pumzi tu.

Na sasa ile "overlook" yangu. Nilipoanza kuchimba nilikuta kwamba Kiingereza cha kale kiliweka vijineno hivi mbele ya kitenzi, vikiwa vimegandana nacho, na mabaki yake bado tunayo: "overcome", "understand", "withstand", "uphold". Baadaye lugha ikahamia mtindo wa kuviweka nyuma. Katika kumbukumbu za matukio zilizoandikwa na watawa wa Peterborough, Uingereza, zilizokoma mwaka 1154, habari za mwaka 1137 zinataja watu waliotiwa gerezani mpaka wakasalimisha ngome zao, na kitenzi kilichotumika hapo ni babu wa "give up" ya leo, kijineno kikiwa tayari nyuma. Mtindo mpya ulishinda, lakini haukuua wa zamani. Ndiyo maana leo kuna jozi zinazomtega mgeni kama mawe mawili ya mtoni, moja imara na lingine lenye utelezi: "take over" ni kushika hatamu na "overtake" ni kulipita gari. "Set up" ni kuanzisha na "upset" ni kuudhi au kupindua. Mahakama iliyofanya "uphold" imeithibitisha hukumu, na iliyofanya "hold up" imeichelewesha. Usidhani neno lililounganishwa ni toleo nadhifu la lililotenganishwa. Mimi nilidhani.

Faraja ni kwamba Samuel Johnson aliona jambo hili mapema. Katika utangulizi wa kamusi yake ya mwaka 1755 alisema wazi kwamba vitenzi hivi vinavyogeuzwa maana na kijineno kilichowekwa nyuma ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko vyote, na akajitahidi kuvikusanya. Hata hivyo jina ambalo wanafunzi wa Kiingereza wanalijua leo, "phrasal verb", lilichapishwa mwaka 1925 katika kitabu cha Logan Pearsall Smith, naye alisema amelipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford. Kitu kiliishi karibu miaka 800 bila cheti cha kuzaliwa.

Vielezi vya kweli, vile vya "carefully" na "slowly", vina mtego wao. Mswahili husema bila wasiwasi: alisoma kwa makini barua yote. Au: alisoma barua yote kwa makini. Zote zinapita. Kwa hiyo tunaandika "he read carefully the letter", na Mwingereza anakunja uso bila kuweza kueleza kwa nini. Kielezi cha Kiingereza kinaweza kusimama kabla ya kitenzi au baada ya mtendwa, ila katikati ya hao wawili hakukaribishwi, isipokuwa mtendwa awe mrefu sana. Maelezo yangu, nanyi mkiwa na bora nipeni, ni kwamba Kiingereza hakina njia nyingine ya kuonyesha nani katendwa ila kumweka mlangoni pa kitenzi. Sisi tuna kile kiambishi ndani: nimeisoma. Hiyo -i- inaielekeza barua popote ilipo, hata ukiitupa mwanzo wa sentensi. Mwenye kamba hahofii mbuzi kutangatanga.

Mfano mkubwa kuliko wote wa kielezi kilichopotea njia ulionekana mbele ya dunia nzima. Tarehe 20 Januari 2009, Jaji Mkuu wa Marekani, John Roberts, alikuwa akimwapisha Barack Obama. Katiba inasema rais aape "that I will faithfully execute the Office of President of the United States". Roberts hakuwa na karatasi mkononi. Akasema "that I will execute the Office of President to the United States faithfully". Katika pumzi moja kielezi kilihama kutoka mbele ya kitenzi hadi mwisho kabisa, na kihusishi "of" kikageuka "to". Obama akaanza kurudia, akasema "that I will execute", akasimama. Alijua kuna kitu kimekosekana mbele ya "execute". Jaji akajaribu tena, safari hii kielezi kikaangukia baada ya kitenzi, na Obama akamalizia kwa kukiweka mwishoni, kama alivyotamkiwa mara ya kwanza. Kesho yake, 21 Januari, wawili hao walirudia kiapo Ikulu kwa tahadhari, polepole, kila neno likiwa mahali pake.

Steven Pinker, mtaalamu wa lugha na saikolojia, aliandika siku chache hizohizo gazetini kwamba jaji hakuteleza bure. Kwa maoni yake, Roberts ni mtu wa kushika sana kanuni za sarufi za shule, na mojawapo inakataza kuweka kielezi baina ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu, baina ya "will" na "execute". Kanuni hiyo haina msingi, Kiingereza kimekuwa kikiivunja siku zote. Ila kichwa chake, bila yeye kujua, kilikuwa kinasahihisha Katiba. Sina namna ya kuingia kichwani mwa jaji, lakini maelezo hayo yananinogea, kwa sababu nami nimewahi kuharibu sentensi nzuri kwa kuisahihisha.

Nimeijaribu kwa Kiswahili: nitatekeleza kwa uaminifu kazi ya urais, nitatekeleza kazi ya urais kwa uaminifu. Rais wetu wa kufikirika angeapishwa vyovyote na kila mtu angekwenda nyumbani.

Mpangilio wa virai vyenyewe, wa namna, mahali na wakati, sitaukalia sana. "She worked quietly in the library yesterday" ndiyo foleni ya kawaida, na vitenzi vya mwendo huipindua kidogo, "he went home quietly". Sisi tunapenda kuanza na jana. Kiingereza kinaruhusu, hakuna kesi.

Kesi ipo pale virai vihusishi vinaporundikana. "I saw the man with the binoculars." Nani ana darubini? Kiingereza kinanyamaza. Kiswahili kinakulazimisha useme: nilimwona mtu yule kwa darubini, au nilimwona mtu mwenye darubini. Kwa au mwenye, chagua, huwezi kujificha. Ngeli nazo zinasaidia: picha ya mtoto iliyopotea, picha ya mtoto aliyepotea. Mwingereza akiandika "the picture of the child that was lost" itabidi umpigie simu.

Sasa ongeza virai. "I read the letter to the lawyer about the house in the drawer." Nini kimo ndani ya droo: barua, nyumba, wakili, au mimi ninayesoma? Mwaka 1982 watafiti Kenneth Church na Ramesh Patil walionyesha kwamba idadi ya njia za kuichambua sentensi ya namna hii inakua kwa mfululizo unaojulikana katika hisabati. Kirai kimoja baada ya mtendwa kinatoa njia 2, viwili 5, vitatu 14, vinne 42. Sentensi yangu ya droo ina vitatu, kwa hiyo ina njia 14, na binadamu anaisoma bila kuhisi chochote kwa sababu anajua nyumba haziingii kwenye droo. Kompyuta haikuzaliwa na ujuzi huo. Mimi mwenyewe nikiitafsiri nakwama, maana barua na nyumba ni ngeli moja, na hapo "iliyokuwa kwenye droo" haimwokoi mtu. Inabidi kuivunja sentensi.

Kuna makosa yetu mengine ambayo nimeacha kuyacheka baada ya kuelewa yanakotoka. "Discuss about", "emphasize on", "request for" pale "request" inapokuwa kitenzi. Ni rahisi kusema watu hawajui Kiingereza. Lakini tazama nomino zake: "a discussion about the plan", "an emphasis on quality", "a request for help". Nomino inahitaji kihusishi, kitenzi hakihitaji. Aliyeandika "discuss about" amechukua kihusishi halali kutoka kwa ndugu wa kitenzi. Na tena kwake nyumbani anasema kuzungumza kuhusu jambo. Ushahidi wa pande zote mbili unamdanganya. Upande wa pili "wait for" na "listen to" zinamponyoka, kwa kuwa subiri na sikiliza hazina cha kuongezewa. Kwake "I am waiting you" ni sentensi kamili, imebeba kila kitu.

Kinachoniudhi kweli ni uchafuzi unaokwenda upande wa pili. "Come up with a solution" imeingia kwetu kama "kuja na suluhisho", na sasa kila mkutano unakuja na kitu. Hakuna anayebuni tena, hakuna anayetunga wala kupata. Siku moja nikakuta tafsiri ambayo ilitaka kuwa kamili kuliko zote: mkurugenzi "amekuja juu na mpango mpya". Nilicheka peke yangu. Kwetu mtu akija juu amefoka, ameghadhibika, na mpango huo ningeuogopa. Kijineno kilekile, "up", kimetupwa juu ya lugha ambayo tayari ilikuwa na kazi nyingine ya kumpa.

Maana Kiswahili nacho kina vitenzi vyake vya namna hii, tusijifanye watakatifu. Kuja juu ni kimoja. Kutupilia mbali ni kingine, na hicho nakipenda: kauli ya kutendea imejirudia ndani ya kitenzi na mbali imeongezwa nje, kwa pamoja zinasema kitu kimetupwa hakirudi tena. Ni kazi ileile ya "up" katika "eat up" na "use up", pale "up" isipopanda popote ila inasema kimekwisha, hakikubaki hata chembe.

Wiki iliyopita nilikuwa na sentensi moja mezani ambayo ilinila nusu saa: "The nurse hurried back up the stairs to look in on him." Ihesabu. "Back" na "up" zimepangana, "in" na "on" zimepangana, na vitenzi vyenyewe, "hurried" na "look", havisemi karibu chochote kuhusu kinachotokea. Rasimu yangu ya kwanza ilivifuata vitenzi: Muuguzi aliharakisha kurudi juu ya ngazi kumtazama ndani. Mgonjwa masikini, kama anayepigwa picha ya mbavu. Nikafuta. Nikavianza vijineno badala yake. "Up" ikawa panda, "back" ikawa tena, "hurried" ikateremka ikawa upesi. "Look in on" ikanisumbua mpaka nikakumbuka kwamba tunayo tayari, tena katika kauli ya kutendea: Muuguzi alipanda tena ngazi upesi kwenda kumjulia hali. Kitenzi cha Kiingereza kimekuwa kielezi, vielezi vimekuwa kitenzi, na "in on" yote imeingia kwenye ile -i- ya julia.

Yule mteja wa kurasa 31 bado tunafanya kazi pamoja. Kila akinitumia nyaraka mpya huandika mstari mmoja tu: "Please overlook this by Friday." Na kila mara, kabla sijacheka, nasita sekunde moja nikijiuliza kama safari hii kweli anataka niache.